Kilo za Anko Wekesa

Juzi niliingia duka la viatu pale Olaya. Sikuwa na haja ya viatu, nilikuwa nakimbia jua nikisubiri treni, na muuzaji alikuwa amefungua kopo la nta akipaka buti la ngozi. Harufu ile ilinisimamisha katikati ya duka. Ngozi, nta, na kwa mbali kitu kama jasho lililokauka. Muuzaji aliniuliza mara mbili anisaidie nini. Nikamwambia naangalia tu, nikatoka, na treni ikaniacha.

Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mjomba wangu, Anko Wekesa, majira yale ya baridi ambayo hakula.

Wenzangu wa rika langu mliolelewa ugenini mnajua tulivyokuwa. Tulikijua Kiarabu kuliko wazazi wetu, tukatumwa kuongea na fundi bomba na mwenye nyumba, na jambo hilo lilitupa kichwa kikubwa. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa mtoto mwenye majibu. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma huko mbele.

Kwetu kulikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani. Mama alikuwa nesi katika zahanati ya mtu binafsi, na jina langu lilikuwa ndani ya ikama yake, kibali cha kuishi nchini. Kisha zahanati ikamhamishia Riyadh kwa miezi minne kuziba pengo la mwenzake, tukapewa nyumba ndogo ghorofani, nyuma ya barabara kuu ya Olaya. Shule zilikuwa zimeshajaa, kwa hiyo nilisomea nyumbani, maana yake nilikaa dirishani nikitazama watu. Riyadh niliichukia kwa ukavu wake. Jeddah nguo hazikauki kwa ule unyevu wa bahari. Riyadh midomo ilinipasuka, na kila kitasa cha mlango nilichokigusa kilinipiga shoti. Nilichokipenda ni bafu tu. Lilikuwa na lile beseni refu ambalo mtu mzima anaweza kulala ndani, na sisi Jeddah tulikuwa watu wa ndoo.

Anko Wekesa alikuwa mdogo wake Mama. Alikuwa mfupi, kifua kipana, miguu imepinda kidogo, na mikono iliyokuwa mikubwa kuliko mwili wake. Alianza kazi ya farasi Nairobi akiwa kijana, akazoa samadi, akajifunza kupanda, akapanda vizuri. Riyadh alikuja kama saisi, mtunza farasi, katika zizi la mzee mmoja tajiri ambaye wafanyakazi wote walimwita Baba. Mazizi yalikuwa nje ya mji, upande wa kaskazini. Baba mwenyewe aliishi Al-Malqa.

Utaratibu wa zizi lile ulikuwa hivi. Asubuhi, kabla jua halijachomoza, Waafrika na Wapakistani ndio waliowapanda farasi na kuwakimbiza mazoezi. Siku ya mashindano wale wale walimshika farasi kwa kamba, wakamzungusha mbele ya watazamaji, kisha akatokea joki, ama kijana wa kwao ama mzungu aliyekodiwa kutoka ng'ambo, akapandishwa mgongoni, na saisi akaachia kamba na kurudi nyuma. Kulikuwa na farasi jike mmoja mwekundu aitwaye Raihana ambaye Anko alimfundisha kila kitu anachokijua. Alimpanda asubuhi mia mbili. Alasiri ya mashindano, hata moja hakumpanda.

"Kwa nini si wewe?" Mama alimuuliza siku ya kwanza tulipofika.

"Si desturi."

"Desturi ya nani? Iko wapi imeandikwa?"

"Dada, ingekuwa imeandikwa ningepata mahali pa kuifutia." Akacheka peke yake.

Mara mbili aliwahi kuahidiwa kupanda mashindano. Mara zote mbili alipiga simu Bungoma, ukoo ukajikusanya kuzunguka simu moja kuangalia mbio, na mara zote mbili wakamwona Wekesa wao akitembea kwa miguu kando ya farasi, ameshika kamba. Mara ya pili bibi yangu aliuliza kama hiyo ndiyo mbio yenyewe. Anko aliapa kwamba hatamwambia mtu tena jambo ambalo halijatokea. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mjomba wangu ameanza kuwa na mambo.

Alianza kuja kwetu jioni, mara tatu kwa wiki, moja kwa moja bafuni. Alijaza beseni maji ya moto mpaka kioo kikatoa jasho, akakaa humo saa nzima. Akitoka alijifunga mablanketi mawili na kukaa sakafuni, uso umeiva. Siku nyingine alivaa mifuko ya plastiki ndani ya nguo zake za mazoezi, akapanda na kushuka ngazi za jengo letu, ghorofa saba, huku plastiki ikichakarika. Alimwambia Mama ana baridi mwilini. Mama ni nesi. Alimtazama mashavu, akamtazama kucha, na usiku nilimsikia akiomba kwa kulitaja jina lake. Aliogopa ana ugonjwa anaouficha.

Chakula hakula. Mama alipika kuku, maharagwe, chapati zile za safu safu, na Anko alisema ameshiba. Maji nayo alisukutua tu. Alikuwa na kikombe cha plastiki alichotemea mate, polepole, kama mtu anayefanya kazi. Na wakati mwingine alikaa kimya akihesabu vidole huku midomo ikicheza bila sauti.

Sasa mnipe mimi ushahidi huo, na miaka minane yangu, na kujua kwangu kwingi. Ramadhani ilikuwa imekaribia na mtaani wengi walifunga Jumatatu na Alhamisi. Jeddah, wenzangu darasani waliokuwa wanajaribu kufunga kwa mara ya kwanza walitema mate kila dakika wakiogopa kuyameza. Mtu asiyekula, asiyekunywa, anayetema mate, anayeoga sana, anayehesabu vidole kwa kunong'ona: jibu lilikuwa wazi. Anko Wekesa amesilimu na anaona haya kutuambia. Nilifurahi kwa kuwa nimegundua peke yangu. Wala sikuona ni habari mbaya au nzuri. Ilikuwa habari tu, na mimi ndiye niliyekuwa nayo.

Ijumaa Wakenya kadhaa walikuja kwetu kula ugali. Tuliomba kwa sauti ya chini na tukala kwa sauti ya juu. Kiongozi alikuwa mlinzi wa jengo moja la ofisi hapo Olaya, Mzee Odhiambo, tuliyemwita Pasta ingawa hakuna aliyewahi kumwekea mikono. Anti Mwanaisha naye alikuwepo, msichana wa kazi kutoka Kwale. Yeye ni Mwislamu, maombi yetu hayakumhusu, lakini ugali ulimhusu, na madam wake alikuwa mmoja wa wachache waliotoa ruhusa ya Ijumaa. Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa ya Baba, ile ya Al-Malqa.

Mtu mmoja aliuliza Wekesa yuko wapi, siku hizi haonekani mezani. Mama alikuwa jikoni anasonga.

"Amefunga," nikasema.

"Amefunga nini?" Pasta akauliza.

"Amefunga. Amesilimu. Hata mate hamezi."

Nakumbuka kijiko kilichowekwa chini kwenye sahani. Pasta aliniangalia, halafu akaangalia dirisha. "Kumbe ndiyo bei ya kupandishwa farasi siku hizi," alisema.

"Bei gani tena, Pasta?" Anti Mwanaisha alikuwa ameshainuka, mikono hewani. "Mashaallah! Wekesa! Na vile alivyo kimya, hata hakuniambia mimi! Neema mwanangu, una hakika?"

Nilikuwa na hakika. Mama alipotoka na ugali akakuta nusu ya watu wamenuna na mmoja anashangilia. Walimwambia. Aliweka sinia mezani, akakaa, na badala ya kukana niliona uso wake umelegea. Afadhali hilo kuliko ugonjwa aliokuwa akiuwaza. Akasema Wekesa ni mtu mzima, atasema mwenyewe akiwa tayari, na mtu asimuulize. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Kosa langu lilipata muda wa kutembea.

Lilitembea kwa Anti Mwanaisha mpaka jikoni Al-Malqa, kutoka jikoni kwa madam, kutoka kwa madam kwa Baba. Siku nne baadaye Baba alikwenda mazizini, akamkuta Anko anamsugua Raihana, akamkumbatia mbele ya watu wote. Hajawahi kumkumbatia saisi. "Mabruk," akamwambia, "mabruk, Wekesa. Alhamisi utafuturu kwangu. Mlete dada yako." Na Anko, masikini, alidhani anapongezwa kwa jambo lingine.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Joki wa zizi alikuwa ameondoka likizo na hakurudi. Raihana alikuwa mgumu, alishamtupa mmoja wa waliojaribiwa. Mudarib, mkufunzi wa farasi, alimwambia Anko: Ukifika kilo hamsini na nne pamoja na tandiko, Jumamosi ya mbio utampanda wewe. Anko alikuwa na sitini na moja bila tandiko. Alipewa wiki tatu. Alipoambiwa mabruk alidhani mudarib amekwisha kumwarifu Baba na Baba ameridhia, na alikwenda kwenye mwaliko ule akiwa amebakiza kilo moja na nusu, na siku mbili.

Dereva wa Baba, Mpakistani, alitufuata Olaya, mimi, Mama na Anko, jua likiinama. Mama alikuwa amevaa abaya yake nzuri. Tulipokuwa barabarani alimgeukia Anko, akasema kwa upole kwamba hana kinyongo, anataka tu kujua kama ameshachagua jina.

"Jina la nini?"

"La dini. Mimi nitakuita Wekesa tu, hilo usijali."

Anko aliomba aelezwe, akaelezwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu aliyetoka jangwani. "Sijasilimu, dada," akasema. "Najikondesha kwa ajili ya mizani." Akamweleza kuhusu Raihana, na hamsini na nne, na kwa nini hakutaka kusema. "Nani aliwaambia?"

Mama ndiye aliyegeuka kwanza. Aliniangalia mimi, na Anko naye akageuka akaniangalia. Aliniangalia tu. Nikageukia dirisha.

Walizungumza kwa haraka njia nzima iliyobaki, Kiswahili mbele ya dereva asiyekijua. Akikataa kula kwenye futari aliyoandaliwa yeye, amemdharau mwenyeji. Akila, pilau na nyama na chumvi ile yote, mizani itamkataa. Akisema ukweli, nani atajua wataupokeaje? "Watasema umewacheza," Mama alisema. "Watasema uliingia dini ukatoka. Utarudishwa nyumbani, Wekesa, si zizini. Nyumbani." Anko alisema: "Na nikinyamaza nikampanda, watasema nilipandishwa kwa sababu hiyo. Maisha yangu yote." Halafu gari likasimama na lango likafunguliwa.

Wanawake walikuwa upande wao na wanaume upande wao. Anti Mwanaisha alitupokea kwa tabasamu la mtu mwenye arusi. Mimi, kwa umri wangu, niliweza kwenda popote na wajukuu wa Baba, na walinivuta huku na huku mpaka nikajikuta kwenye mlango wa chumba cha wanaume. Nilibaki pale nikiegemea ubao wa mlango. Walikuwa kama kumi na wawili, wamekaa chini kuzunguka sinia kubwa la wali na mwanakondoo mzima. Anko alikuwa kando ya Baba kabisa, mahali pa mgeni mheshimiwa. Mudarib alikuwa upande wa pili.

Tende moja alikuwa ameshaila. Kokwa nililiona mbele yake. Baba alichambua nyama kwa mkono wake, ile laini ya shavuni, akaiweka mbele ya Anko. Akachambua nyingine ya mbavu. Lundo likapanda. "Kula, kula," alisema, na alisema kwa furaha ya kweli, sitaki mtu adhani vinginevyo. Anko alitia kipande kimoja mdomoni. Nilitazama taya lake likienda, likienda, muda mrefu kuliko nyama yoyote inavyohitaji, na koo lake halikushuka. Macho yake yalikuwa kwenye mkeka.

Sikuwa shujaa. Nilitaka tu yale macho yao ya garini yaniachie.

"Baba," nikasema kwa Kiarabu, "Anko hajasilimu. Mimi ndiye niliyesema. Nilikosea."

Kwanza walicheka, kwa sababu ya lafudhi yangu ya Jeddah. Mmoja aliuliza huyu wa Hijazi katoka wapi. Kisha Baba akainua mkono na kicheko kikaisha. Alimgeukia Anko. "Anasema nini mtoto?"

Anko alimeza. "Anasema kweli, Baba. Jambo hili nimelijua leo, garini. Mimi ni Mkristo kama nilivyokuja. Samahani kwa chakula."

"Na kufunga?"

"Sikufunga. Nilijinyima. Mudarib alisema hamsini na nne na tandiko, Jumamosi nampanda Raihana. Nimebakiza moja na nusu."

Baba alimtazama mudarib ng'ambo ya sinia. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia," mudarib akasema. "Alikuwa na sitini na moja. Sikudhani..."

Hakumaliza na hakuna aliyemwomba amalize. Mjomba wangu aliyasikia maneno yale akiwa amekaa, mikono yake mikubwa juu ya magoti. Wiki tatu za ngazi na plastiki na kutema mate, na yule mtu alikuwa amempa namba ya kumnyamazisha.

Mkononi mwa Baba kulikuwa bado na kipande cha nyama alichokuwa anampa. Alikirudisha kwenye sinia. Katika maisha yangu yote Uarabuni sijawahi kumwona tena mwenyeji akirudisha kitu alichokwisha kumpa mgeni. Akafuta vidole, akasema alhamdulillah, akasimama. Mwenyeji akisimama chakula kimekwisha, kwa hiyo na wengine kumi wakasimama, watu wazima waliokuwa wamekula matonge matatu, wakimwangalia yule mwanakondoo kwa macho ya kuaga.

"Mizani ni Jumamosi," Baba alisema. "Akifika, apande. Asipofika, halas, nisisikie tena habari hii."

Mmoja akauliza, na yule joki ambaye mudarib ameshamkodi ampande Raihana ataambiwaje.

"Ataambiwa akae."

Hakumkumbatia Anko wakati wa kuaga. Alimpa mkono, akautoa upesi. Sijui kama aliudhika kwa dini, au kwa aibu mbele ya wageni, au kwa kuwa alikuwa amempenda mtu ambaye hakuwepo. Miaka yote Anko aliyofanya kazi kwake baada ya hapo, hakumwalika tena Al-Malqa. Anti Mwanaisha alikemewa na madam wake, na alinishika bega mlangoni akaniambia, "Neema mwanangu, ulimi wako utakuja kuniua mie." Ilichukua wiki kadhaa ndipo akaja tena kula ugali wetu.

Ndani ya gari nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Nilingoja kugombezwa. Anko alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo.

"Siku nyingine ukitaka kujua jambo langu, niulize," alisema. Halafu baada ya taa mbili tatu za barabarani: "Lakini leo umenifaa. Nilikuwa nimeshaamua kula, Neema. Nilikuwa naanza." Mama alimshika mkono mpaka Olaya. Tulipofika, Anko alivaa mifuko yake ya plastiki akapanda ngazi.

Jumamosi tulikaa upande wa familia, Mama akiwa na mfuko wa chapati mapajani kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa hospitalini. Chumba cha mizani hatukukiona. Tuliona farasi wakizungushwa, na kando ya Raihana alitembea saisi mwingine, kijana Msudani, ameshika kamba. Mama alisema, "Huyo si yeye," na mimi sikujua kama hiyo ni habari njema au mbaya. Kisha majoki wakatoka kwa mstari, wote miwani, wote kofia, na yule aliyekwenda kwa Raihana nilimjua kwa kitu kidogo tu. Kati ya glovu nyeupe na mkono wa jezi kulikuwa na ngozi nyeusi, upana wa vidole viwili.

Nyuma yetu mtoto mmoja alimuuliza baba yake kwa nini saisi amepanda farasi. Baba yake alisema hajui. Mama hakuelewa Kiarabu hicho, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, sikutafsiri.

Walikuwa farasi kumi na mmoja. Mbio zenyewe zilikwisha kabla sijamaliza kuogopa. Alikuwa wa nne. Mimi nililia tena, nikidhani wa nne ni kushindwa na kwamba kosa ni langu. Mama hakulia. Alisimama na mfuko wake akapiga kigelegele, kirefu, cha Bungoma, na mabibi wenye heshima zao wakageuka kututazama. Chini kwenye uzio nilimwona Pasta, bado amevaa sare ya ulinzi, ameacha geti la watu wa Olaya kwa nani sijui, anaita "Wekesa! Wekesa!" kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia Ijumaa. Anko alishuka, akavua tandiko, akalibeba kurudi mizanini. Alipotoka alikunywa chupa ya maji bila kupumua, akaomba nyingine.

Siku hizi watu nyumbani wakisimulia, Wekesa amekuwa Mwafrika wa kwanza kupanda mbio Uarabuni nzima. Hakuwa. Kulikuwa na wengine kabla yake, katika mazizi mengine, ambao hatukuwajua. Alikuwa wa kwanza katika zizi la Baba, na kwangu hilo linatosha. Wapo pia, mpaka leo, wanaoamini kwamba alisilimu apewe farasi, na kwamba hadithi ya kilo ilitungwa baadaye. Nimewaeleza. Neno langu la miaka minane lina mbio kuliko neno langu la utu uzima. Hilo nimeshindwa kulirekebisha, na linaniuma.

Ijumaa iliyofuata alikuja kula. Alikaa mbele ya ugali na kuku, akala, mikono yote miwili ikifanya kazi, na sisi tukamtazama kama televisheni. Pasta alimsogezea mchuzi bila kumwangalia usoni. Huko ndiko kuomba radhi kwake. Mama akauliza kama zizini kuna habari, kama mudarib amesema lolote kuhusu mbio zijazo.

"Mudarib hajasema kitu," Anko alisema. "Mpishi ndiye anayelalamika. Mbengali yule. Anasema nimemharibia kazi, wali unarudi jikoni nusu sufuria." Akatafuna. "Kuna saisi watatu hawali chakula cha jioni tangu Jumapili, wanaulizana kilo."

Mama alicheka. Anko hakucheka. "Watatu," alisema tena, akanyoosha sahani aongezewe.